Nutrino Nzito na Shemeji Yangu

Niliporudi Tabora kutoka masomoni Ulaya, dada yangu alikuwa ameketi mkekani katika chumba cha mbele cha nyumba ya baba, na hakuinuka kunipokea. Yeye ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Alipoolewa katika kijiji cha Ziba, kwa mfugaji aliyekuwa pia na shamba la pamba, nililia arusini mpaka watu wakanicheka. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyetoka usingizini, akaniuliza kama nimekula, kisha akarudi kutazama ukuta.

Baba alinivuta nje, kibarazani alipokuwa akishona magodoro ya sufi. Ndiyo kazi iliyotulea. Sikuzote ndevu zake zilikuwa na nyuzi za sufi, na siku ile zilikuwa nyingi kwa sababu hakuwa na mtu wa kumkumbusha kuzipangusa. Akanieleza mambo yaliyotokea nikiwa sipo.

Ulikuwa wakati wa kuhamia vijiji vya ujamaa. Malori yalifika Ziba kabla ya mvua, watu wakaambiwa wapakie vyombo, na atakayebaki nyuma nyumba yake itaezuliwa. Zikaezuliwa kweli, na nyingine zikatiwa moto. Dada, mumewe na mama mkwe wake walishushwa kando ya barabara kuu, mahali palipopimwa viwanja kwa kamba, pasipo kisima wala kivuli. Ng'ombe hawakupanda lori. Shemeji alikaa mpaka akamaliza kuwasimamishia wanawake wale kibanda cha matawi, halafu akasema anarudi kuwafuata ng'ombe aliowaacha mbugani. Aliondoka asubuhi na fimbo, na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa ambavyo watu wa huko husafiri navyo. Hakurudi. Mama mkwe alifariki mvua zilipoanza. Hapakuwa na mtoto wa kubaki naye, basi dada akafunga vitu vyake na kurudi kwa baba.

"Wewe umesoma," baba aliniambia. "Utamsaidia kumtafuta."

Nikamwambia nitamsaidia. Sikumwambia kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimeacha utafutaji mwingine njiani, na kwamba usiku kucha ndani ya ndege nilikuwa nikihesabu ni lini nitaweza kuurudia.

Nilipelekwa Ulaya kusomea fizikia, na katika mwaka wangu wa mwisho nikaingizwa katika kundi la watu waliokuwa wakitafuta chembe ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Nutrino za kawaida zilikuwa zinajulikana. Ni chembe zisizo na chaji, nyepesi mno, zinazoweza kupita katika mwili wa mtu na katika dunia nzima pasipo kugusa kitu. Swali letu lilikuwa kama zina ndugu aliye mzito. Katika milinganyo hapakuwa na kitu cha kumkataza, na palikuwa na mambo ambayo yangeeleweka vizuri zaidi kama angekuwepo. Mambo hayo yalitosha kuwafanya watu wazima wenye familia zao wajifungie miaka kadhaa ndani ya banda la zege.

Muda wangu wa masomo ulikwisha kabla ya kazi hiyo. Nchi ilihitaji walimu wa sayansi, nami sikuwa na neno la kupinga, kwa kuwa waliolima pamba na tumbaku ndio walionisomesha. Nikakabidhi pasipoti yangu ofisini, nikapangiwa kufundisha shule ya sekondari palepale Tabora. Afisa aliyeipokea alisema kwa upole kwamba baada ya miaka miwili ya utumishi ningeweza kuomba kurudi kumalizia. Nilimwamini, na nadhani naye aliamini aliyoyasema.

Likizo ya kwanza ilipofika, mimi na dada tulipanda lori la kwenda Igunga. Mtu mmoja aliyetoka huko alikuwa amemwambia baba kwamba aliona mtu mrefu, mwenye kovu la moto mkononi, akiswaga ng'ombe kuelekea upande wa Singida. Shemeji alikuwa na kovu la moto mkononi. Dada alijitanda kanga mbili mpya, ambazo hakuzivaa tangu arejee, na njia nzima mpaka Nzega alikaa wima kama mtu anayekwenda kupokea mgeni.

Baada ya Nzega mvua ilitukuta, na lori likazama katika udongo mweusi wa mbugani. Dereva na utingo wake wakakata matawi ya kutia chini ya magurudumu, nasi abiria tukateremka tukakaa kwenye tuta la barabara. Hapo ndipo dada aliponiuliza, kwa mara ya kwanza tangu nirudi, kule Ulaya nilikuwa nafanya nini hasa. Baba alimwambia natafuta kitu kisichoonekana, na yeye alidhani baba hakuelewa vizuri.

Nikamwambia baba alielewa vizuri kabisa. Nikaanza kumweleza kama nilivyozoea kuwaeleza wanafunzi wangu, polepole. Ipo mashine, nikamwambia, inayorusha protoni kwa kasi inayokaribia ya mwanga, nazo zinagonga bonge kubwa la shaba. Kutokana na mgongano huo huzaliwa chembe nyingine zisizodumu, na mojawapo tunaiita kaoni. Kaoni huvunjika kabla hujapepesa jicho. Mara nyingi ikivunjika hutoa chembe mbili: muoni, ambayo ni kama elektroni iliyonenepa, na nutrino. Sasa, kama ndugu mzito yupo, na kama ana uhusiano hata mdogo sana na ile nutrino ya kawaida, basi mara moja moja, katika kaoni nyingi mno, nafasi ya nutrino ingeshikwa na yeye. Lakini asiwe mzito kupita kiasi. Kaoni haiwezi kutoa zaidi ya ilichonacho, na kuna sehemu ambayo lazima impe muoni.

"Kama sahani moja ya wali," dada akasema.

Nikamwambia ndivyo. Na kwa sababu hiyo, zipo njia mbili za kumjua. Ya kwanza ni kumpima muoni. Kaoni iliyotulia ikivunjika vipande viwili, muoni huondoka na mwendo uleule kila mara, bila kukosea. Ukimwona muoni ametoka na mwendo mdogo kuliko kawaida, utajua kwamba mwenzake aliyekwenda upande wa pili alikuwa mzito, hata kama hukumwona. Wenzetu wengine walikuwa wakijaribu njia hiyo. Sisi tulifuata ya pili, ya kumngojea avunjike, kwa maana ndugu mzito naye hadumu.

Nikachora ardhini kwa kijiti. Hapa bonge la shaba. Mbele yake chuma kinene na kifusi cha udongo, cha kuzuia kila chembe nyingine. Nutrino hazizuiliki, nyepesi wala nzito. Mbele ya kifusi kuna ukumbi mrefu mtupu, na mwisho wa ukumbi kuna mitego inayowasha cheche kila chembe yenye chaji inapopita. Nutrino nzito ikivunjika humo ukumbini, inaweza kutoa elektroni na pioni, chembe nyingine nyepesi kuliko kaoni, au muoni na pioni, au elektroni mbili zenye chaji tofauti pamoja na nutrino nyepesi inayojiendea zake. Nutrino nzito yenyewe huioni kamwe. Unachokiona ni nyayo mbili zinazoanzia mahali pasipo na kitu, zimeachana kama panda ya manati. Ukizijumlisha nyayo hizo mbili na kuzifuata kinyumenyume, ni lazima zikufikishe kwenye shaba.

"Mliiona hiyo panda?"

Nikamweleza kwamba mara moja tuliiona. Picha ilipotoka, msimamizi wetu, mzee asiyecheka, alitununulia keki. Juma zima tulitembea kama watu wenye siri. Halafu mmoja wetu akapima upya, akakuta kwamba nyayo zile hazikutokea ukumbini, zilitokea kwenye fremu ya chuma iliyoshikilia mtego. Nutrino ya kawaida ilikuwa imegonga chuma kile, jambo la nadra lakini si la ajabu. Keki ilikuwa imekwisha liwa.

Dada alitazama mchoro wangu kwa muda. Maji ya mvua yalikuwa yanaanza kuufuta upande wa shaba.

"Na kama ikivunjika huku mbele," akasema, akigusa ardhi nyuma ya mitego, "ambako hamkuweka kitu?"

Hilo ndilo lililokuwa likitunyima usingizi sisi wote. Nikamwambia kwamba ule uhusiano mdogo na nutrino ya kawaida, unaomwezesha ndugu mzito kuzaliwa, ni huohuo unaomfanya avunjike. Ukiwa mkubwa, huzaliwa wengi lakini hufa mapema, wengine humo ndani ya chuma, kabla ya kufika ukumbini. Ukiwa mdogo, huzaliwa wachache na huishi muda mrefu, na kwa ile kasi yao maisha yao, yakipimwa na sisi tuliosimama, hurefuka zaidi. Hao hupita kwenye mitego wakiwa wazima, bila kuacha alama, wakaenda kuvunjika mbali ambako hakuna anayetazama.

"Kwa hiyo mkikosa, mnasema hayupo?"

"Hapana. Tunasema kwamba kama yupo, basi ni adimu kuliko kiasi fulani, au ni mzito kuliko kiasi fulani. Hatuwezi kusema hayupo."

Akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyepewa habari njema. Niliona furaha yake na sikuijali wakati ule. Baadaye nilijua kwamba ni mimi niliyempa maneno yale, naye akayatunza.

Igunga tulimkuta yule mtu mrefu mwenye kovu. Alikuwa Mnyaturu wa Singida, kijana kuliko shemeji, na kovu lake halikuwa la moto, alikatwa na gia ya pampu ya maji. Alituonea huruma, akatukaribisha ugali. Dada alikula kwa adabu. Siku ya mnada tulizunguka kati ya ng'ombe, yeye akitazama masikio yao, kwa kuwa kila mwenye mifugo alikuwa na namna yake ya kuyakata kama alama. Kufikia adhuhuri akasimama mbele ya fahali mwekundu, akashika sikio lake kwa mikono miwili.

Lilikuwa na alama ya mumewe. Mwenye fahali hakuwa mwizi wala hakutuficha jambo. Alisema alimnunua kwa mtu wa Ziba, na huyo mtu tulimpata palepale mnadani, akiuza ngozi. Tulimwamkia kwa Kisukuma, akaitikia, akatusimulia pasipo kusita. Baada ya watu kuhamishwa, ng'ombe wengi walibaki wakizurura mbugani bila wenyewe. Yeye na vijana wengine waliwakusanya. Yule mwekundu alimkuta peke yake kando ya dimbwi lililokauka. Hakukuwa na mtu hapo, wala fimbo, wala mfuko. Dada akamwuliza kama alitazama vizuri. Akasema alitazama.

Kwa hiyo fahali alitwambia kwamba shemeji hakuwafikia ng'ombe wake, au aliwafikia akawapoteza tena, au alimpoteza huyu mmoja na kuendelea na wengine. Nilijikuta nikiyapanga hayo kichwani kama nilivyofundishwa, hili linawezekana, hili pia, na nikajichukia. Dada alirudi akaegemea ubavu wa fahali mpaka mwenyewe alipomwomba kwa upole amwache, maana jua lilikuwa linakwenda.

Tulitafuta kila likizo kwa miaka iliyofuata. Tulikwenda hospitali za misheni, vituo vya polisi, vijiji vipya vilivyopangwa mistari ambavyo vyote vilifanana. Kila mahali palikuwa na mtu aliyewahi kuona mtu. Baadaye hata hao wakapungua.

Miaka yangu miwili ya utumishi ilipokwisha niliomba ruhusa ya kurudi Ulaya. Nilijibiwa kwamba walimu wa fizikia ni wachache na nchi inanihitaji hapa, na ilikuwa kweli. Niliomba tena mwaka uliofuata, nikajibiwa hivyohivyo na mtu mwingine. Shuleni tulikuwa na darubini moja iliyovunjika lenzi na betri zilizokufa. Niliwafundisha wanafunzi sheria za umeme kwa chaki. Nyumbani niliendelea kukokotoa mwenyewe, uzito huu ukiwa hivi, uhusiano ule ukiwa vile, ni wangapi wangevunjika ndani ya ukumbi. Nilifanya hivyo mpaka nikatambua kwamba sikuwa na njia ya kujua kama wenzangu walikwisha jibu swali hilo.

Walikuwa wamekwisha lijibu. Nililigundua Dar es Salaam, nilipoitwa kusahihisha mitihani, nikapata mchana mmoja wa kuingia maktaba ya chuo kikuu. Jarida lilikuwa la zamani kidogo. Makala yao ilikuwa fupi. Hawakuona panda hata moja isiyoweza kuelezwa kwa njia nyingine. Walichora mstari kwenye grafu: kila kilichokuwa juu ya mstari kimekataliwa, na chini ya mstari hakijulikani. Mwishoni walinishukuru, pamoja na mafundi wa mashine. Niliisoma tena na tena, nikalirudisha jarida rafuni, nikaenda kumalizia mitihani. Njaa iliponishika jioni ndipo nilipogundua kwamba sikuwa na huzuni yoyote niliyoweza kuionyesha. Kilichokuwepo ni kwamba hakuna tena mahali nilipokuwa nangojewa.

Mwaka huo baba alianza kukohoa, kikohozi cha sufi, na akataka mambo ya binti yake yanyooke kabla hajafa. Alimwita shehe mmoja wa mjini, mtu mwenye busara na subira. Shehe alieleza kwamba mke ambaye mumewe amepotea hana budi kungoja, lakini si milele. Wapo wanazuoni waliosema akingoja miaka minne, na mume akatafutwa asipatikane, huhesabiwa amekufa. Mke hukaa eda kama mjane yeyote, miezi minne na siku kumi, kisha yuko huru. Miaka hiyo minne ilikuwa imepita. Shehe aliuliza tu kama tulimtafuta kweli. Baba akanielekeza mimi, nami nikasema tulimtafuta.

Dada alikuwa amekaa mlangoni. Akasema, "Kutompata si kwamba hayupo. Mdogo wangu ndiye aliyenifundisha."

Wakanitazama wote watatu. Shehe aliondoka baada ya kumwomba afikirie, na baba akaingia ndani. Dada akabaki pale mlangoni, akaniuliza kama wale wenzangu bado wanatafuta. Nikamwambia wameacha.

"Nani aliwaambia waache?"

"Mashine ilitakiwa kwa kazi nyingine."

"Basi mimi sina kazi nyingine," akasema.

Nilipaswa kumweleza kitu ambacho sikumweleza siku ile ya lori. Kwamba mtafutaji akishachora mstari wake huendelea na maisha. Kwamba chini ya mstari hakuna mtu anayeishi huko, ni sehemu nyeupe tu ya karatasi. Nilijaribu. Maneno hayakuniishia, ila niliyasikia yanavyosikika, nikanyamaza katikati ya sentensi. Akanipigapiga goti kama alivyokuwa akifanya zamani nilipoanguka, akaenda kumpelekea baba maji.

Aliingia eda mwanzo wa kiangazi. Hakusema kwamba amekubali. Baba alizidiwa, akamshika mkono, akamwomba, na asubuhi iliyofuata dada alivua bangili zake akaniletea nimwekee. Alikaa ndani miezi yote ile kama sheria inavyotaka, bila manukato, bila kutoka pasipo dharura. Majirani walikuja kumpa pole kwa ajili ya mtu asiye na kaburi. Walikuwa hawajui wakae muda gani, maana hapakuwa na hadithi ya ugonjwa ya kusimulia wala maneno ya mwisho ya kurudia. Mwanamke mmoja aliuliza alifariki lini, akajikumbuka, akaziba mdomo kwa kanga. Dada akasema, "Leo," na hakuna aliyecheka wala kulia.

Siku ya kutolewa eda, shangazi zetu walimwogesha na kumvika nguo mpya. Baba alikuwa hai bado, akafurahi. Mimi nilisimama uani nikiwa na zile bangili mkononi. Hakuzivaa. Alisema mikono imekonda, zitadondoka.

Baada ya baba kufariki tulihamia Itetemia, pembeni mwa mji, kwenye kipande cha shamba nilichopewa, kwa kuwa nyumba ya mjini iligawanywa kwa ndugu. Nilikwenda kufundisha kwa baiskeli. Siku moja mwanafunzi wa kidato cha sita aliniuliza kama kuna chembe za asili ambazo bado hazijagunduliwa. Nilimjibu kwamba huenda zipo, nikamwambia afungue ukurasa wa mazoezi.

Mchana huo nilipita genge la Itetemia kumchukua dada. Alikuwa akinunua kwa mwanamke mgeni, mmoja wa waliohamia kutoka Nzega, na yule mgeni, kwa kutaka mazungumzo tu, alimwuliza mumewe yuko wapi siku hizi, yuko safarini? Sikuwa nimewahi kumsikia dada akijibu swali hilo. Nilishika breki za baiskeli.

"Alifariki," dada akasema.

Mgeni akasema pole. Dada akasema asante, akachukua fungu la nyanya, akazigeuza kutazama upande wa chini, na akauliza kama zile ndogo zinapungua bei.